Uzi Ule Ni Wangu

Nukta alijua kwamba mchumba wake ameshinda. Habari ya kwamba yeye mwenyewe ametupwa nje ya ushindi huo ililetwa dukani Jumatatu asubuhi na Baba Vipuri, aliyekuja kuchukua miwani yake.

Nukta alikuwa nyuma ya kaunta na koti lake jeupe, bisibisi ndogo mkononi, akikaza skrubu ya mwisho ya fremu. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha: kusaga lenzi, kuzichonga zikae sawasawa, kupinda mikono ya miwani mpaka mteja asahau kwamba amevaa kitu. Jina la Nukta alipewa na kaka zake tangu utotoni, maana akishasema neno lake katika ubishi, hapakuwa na aliyeongeza kitu. Jina la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti.

"Jaribu sasa, baba."

Baba Vipuri, mwenye duka la vipuri vya magari mlango wa pili, aliivaa, akapepesa macho, akatoa simu yake kuipima.

"Ah, hapa umenifufua! Naona mpaka dhambi za watu," alisema akicheka. Kidole chake kilikuwa kikipandisha picha moja baada ya nyingine. "Hee! Huyu si mkwe wetu huyu?"

Akaigeuza simu. Alikuwa Gia. Kikombe mkononi, kola imenyooka, na lile tabasamu lake la upande mmoja ambalo lilikuwa likimfanya Nukta aharibu vipimo vya lenzi kila lilipomjia akilini kazini. Msichana mwenye kipaza sauti alikuwa akimhoji.

"Deki yako ya kadi imetushangaza wote. Haina kadi ya mnyama hata moja, na inaua zamu ya tatu. Uliijenga na nani?"

"Peke yangu," Gia alisema. "Ni akili na kasi tu. Nimeiita Gia ya Tano."

"Hukusaidiwa na mtu hata kidogo?"

Gia akacheka. "Labda mchumba wangu. Huniletea chai, halafu ananivalishia kadi mifuko ya plastiki zisichubuke."

Ukumbi mzima ukacheka. Baba Vipuri naye akacheka, kisha akamwangalia Nukta kwa miwani yake mipya, na kicheko kikamkauka.

"Binti, nimekosea kitu?"

"Hapana, baba. Hebu irudishe nyuma kidogo. Nataka kuisikia tena."

Akaisikia tena. Chai. Alisema chai.

* * *

Mchezo wenyewe uliitwa Himaya. Kila mchezaji huja mezani na fungu lake la kadi alilolipanga mwenyewe kwa kuchagua moja moja, na fungu hilo wachezaji huliita deki. Shangazi yake Nukta, ambaye Nukta alikuwa akiishi kwake, alilisikia neno hilo mara ya kwanza akashika kiuno. "Unajenga deki? Mimi deki ninayoijua hupigwa, tena kwa maji ya sabuni, na sakafu yangu inakungoja."

Karibu wote walijaza deki zao wanyama na majitu, wakubwa kwa wadogo, wakapigana polepole mpaka mmoja aishiwe roho zake ishirini. Nukta hakutaka kupigana. Alitaka kumaliza. Asubuhi kabla ya kwenda kazini alitandaza kadi juu ya meza ya shangazi ya kupigia pasi, akatafuta njia. Akaiona kati ya kadi tatu ambazo watu walizidharau. Mfumaji, ambaye kila ukicheza kadi anakupa nyingine. Mwangwi, ambaye kila ukipata kadi mpya anakurudishia mkononi ile uliyoicheza mwisho. Na Cheche, kikadi kisichotumia nguvu za mchezaji, kinachomtoa mpinzani roho moja tu, hata watoto walikigawa bure. Mfumaji na Mwangwi wakishakaa mezani, Cheche inatoka na kurudi, inatoka na kurudi, na mpinzani anaishiwa roho zote akiwa bado anapanga wanyama wake. Mnyororo wa namna hiyo wachezaji huuita kombo, ingawa hauruhusiwi kwenda kombo hata kidogo. Ukikatwa mahali pamoja, umekufa.

Ndiyo maana kuijenga deki ile kulikuwa kazi ya jasho. Alitoa kila kadi iliyokuwa nzuri tu bila kazi. Akatia kadi za kutafutia kadi, ili Mfumaji asichelewe. Akatia Pazia, kadi ya kumfunika Mfumaji asipigwe. Alijigawia mkono wa kwanza, akautazama, akaurudisha, akachanganya, akajigawia tena, mpaka akajua kwa kuutazama tu ni mkono upi wa kubaki nao na upi wa kuutupa. Wakati huo Gia alikaa mkabala naye akicheza upande wa mpinzani na kulalamika.

"Weka hata Jitu la Shaba moja, mpenzi. La usalama."

"Kadi isiyokusaidia kufika inakuchelewesha," Nukta alimjibu, na kulitoa Jitu la Shaba kila Gia alipolirudisha kwa siri.

Akaiita deki yake Uzi. Jumamosi ya mashindano ya mji, mwenye duka alisafiri, na Nukta hakupata ruhusa. Alimkabidhi Gia kisanduku cha kadi mlangoni kwa shangazi, akamfungia kifungo cha juu cha shati.

"Nenda nayo. Ukishinda tumeshinda."

Gia alimbusu kidole kimoja kimoja, akaapa kwamba kila akiigusa kadi ataugusa mkono huo. Na Nukta, mtu mzima mwenye akili zake, alishinda dukani siku ile akivitazama vidole vyake kama kwamba ni vya mtu mwingine.

* * *

Jioni Gia alikuja kumchukua kama kawaida na gari la shule ya udereva alikofundisha. Lilikuwa na kibao cha mwanafunzi juu ya paa na pedali za breki pande zote mbili, upande wa dereva na upande wa mwalimu. Alishuka, akamfungulia Nukta mlango wa dereva kwa mbwembwe. Ilikuwa desturi yao. Nukta aendeshe, Gia afundishe.

"Za kutwa, mke wangu mtarajiwa?"

"Nzuri," Nukta alisema akifunga mkanda. "Umeshakunywa chai?"

"Chai gani?"

"Ile ninayokuletea."

Nukta aliwasha injini, akatazama kioo, akaingia barabarani bila kuelekezwa.

"Ah," alisema Gia. "Ile video."

"Ile video."

"Ulikuwa utani, Nukta. Watu wanacheka, kipaza sauti kiko mdomoni, mtu unasema lolote."

"Sikiliza, Gia. Nitajie kadi moja tu uliyoiweka wewe."

"Sasa hayo maswali..."

"Moja. Nitakushukuru ukinitajia."

Gia aliwaza. Walipita duka la magodoro, wakapita kituo cha mafuta.

"Jitu la Shaba," alisema hatimaye.

"Nililitoa."

"Ndiyo. Ulilitoa."

Ingekuwa siku nyingine wangecheka wote wawili mpaka asimamishe gari. Nukta alihisi kicheko kikimgusa kooni, akazidi kukasirika kwa sababu hiyo. Angempenda kidogo tu, hasira ingekuwa kazi nyepesi. Lakini mkono ule wa Gia, uliokuwa juu ya goti lake mwenyewe, ndio uliomfundisha kubadili gia bila kulikwaruza gari, ukikaa juu ya wake kwa subira, na hata sasa alijua joto lake bila kuugusa.

"Hata jina umelibadilisha," alisema. "Ina jina, Gia. Mimi ndiye niliyeipa. Umekwenda kuita kitu changu jina lako, mbele ya watu, halafu ukaniweka jikoni."

"Ni Mama."

"Mama amefanyaje?"

Gia alifuta uso kwa kiganja. "Mama hataki. Siku nilipokutaja kwake mara ya kwanza, alikuwa ameshasikia kwamba kuna msichana anacheza kule ukumbini. Akaniambia, simtaki mwanamke anayeshinda na wanaume akigeuza karata. Ni heri asiolewe mtu humu ndani. Sasa mimi ningesemaje? Nikamwambia si wewe. Nikamwambia wewe huchezi, unanisindikiza tu."

Nukta alikumbuka yote kwa mkupuo: Mama Gia akimpapasa bega na kumwambia, una subira mwanangu, kumsindikiza mtu kwenye mambo hayo. Alidhani anasifiwa.

"Kwa hiyo tangu mwanzo."

"Nilifanya hivyo ili tuoane."

"Umenifuta ili unioe," alisema Nukta. "Sasa utamwoa nani, Gia, mimi nikishafutika?"

"Usiseme hivyo."

"Na sifa je? Mama yako hakuwapo ukumbini. Ulikuwa na kipaza sauti, ulikuwa na nafasi ya kunyamaza tu. Sifa zilikuwa tamu?"

Gia aliangalia nje ya dirisha. Alikuwa mwongo wa mara moja moja, lakini hakuwa mwongo wa moyo, na hilo ndilo lililomponza.

"Zilikuwa tamu," alisema taratibu. "Sijawahi kupigiwa makofi namna ile. Nilijua si zangu, nikazila hivyo hivyo."

Mkokoteni wa mbao, na mtu akiusukuma, ulijitokeza kutoka uchochoroni. Nukta aliuona na mguu wake ulikuwa tayari unakanyaga, lakini Gia alimwahi kwa pedali yake, gari likasimama kwa kishindo.

"Toa mguu wako."

"Ungemgonga, Nukta!"

"Nilimwona. Nilikuwa ninasimama. Toa mguu, Gia, la sivyo shuka uniache niendeshe peke yangu."

Gia alikunja miguu yake chini ya kiti kama mtoto aliyekaripiwa. Kwenye mzunguko, Nukta alikata kulia.

"Kwa shangazi ni kushoto," Gia alisema.

"Najua kwa shangazi ni wapi. Ninakwenda kwenu."

* * *

Mama Gia alikuwa mwoka keki. Alipewa kazi za harusi na za mahafali, na jiko lake lilikuwa pana kuliko sebule yake, lenye meza ndefu ya bati, masinia yaliyopangwa kwa ukubwa, na harufu ya vanila iliyokuwa imeingia hata kwenye mapazia. Waliingia wakamkuta ameinama juu ya keki ya ghorofa tatu, mfuko wa krimu mkononi, akichora maua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, karibuni. Gia, mpe mwenzako kiti. Nimalizie ua hili kabla mkono haujanitetemeka."

Nukta hakukaa.

"Mama, nimekuja kukwambia jambo. Nitalisema kwa adabu, lakini nitalisema lote. Zile kadi alizoshindia mwanao nilizipanga mimi. Kila moja. Mimi si msindikizaji. Nimeucheza mchezo ule kabla ya kumjua yeye, na kuucheza vizuri alijifunza kwangu."

Mfuko wa krimu ulisimama hewani.

"Gia," Mama aliita bila kugeuka. "Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Uliniambia binti huyu hajui hata kuchanganya karata."

"Nilidanganya."

"Na siku hizi tatu nimewatangazia wateja wangu wote! Bibi harusi wa keki hii nimemshikilia hapa hapa nikimsimulia akili za mwanangu, mpaka akachelewa kwenda kupima gauni!" Aliuweka mfuko chini kwa nguvu, krimu ikamrukia kifuani. Kisha akamgeukia Nukta, na hasira ikabadilisha njia. "Na wewe! Kumbe ndiye wewe kweli. Siku nzima ukumbini, umezungukwa na wanaume."

"Mwanao anashinda humo humo, mama."

"Yeye ni mwanamume."

"Basi nieleze, nielewe. Meza ni ile ile, kadi ni zile zile. Yeye akikaa ni bingwa, unamwonea fahari mbele ya wateja. Mimi nikikaa ni mhuni. Nimekosa nini ambacho yeye hajakikosa?"

"Usinipandishie sauti jikoni mwangu."

"Nisamehe kwa sauti, mama. Kwa maneno sitaomba msamaha."

Gia aliinua mkono, labda kumgusa, labda kumzuia. Nukta akamtazama, mkono ukashuka.

Mama Gia aliivuta stuli, akakaa, akaanza kufuta krimu kifuani kwa kona ya aproni. Alifuta mahali pale pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Unadhani wewe ndiye wa kwanza?" alisema. Ukali ulikuwa umepungua, ukabaki uchovu. "Mwulize huyu. Amekua akila keki za shangazi yake. Mji mzima ulizijua, keki za wifi yangu. Hakuna harusi iliyofana bila keki ya wifi. Wifi yangu, binti, hajui kuvunja yai likavunjika mara moja. Nilizioka mimi. Baba yake Gia hakutaka isemekane mkewe anauza vitu, akasema zipelekwe kwa jina la dada yake. Wifi akaalikwa meza ya mbele, akashangiliwa, nami niko nyuma ya pazia ninaosha masinia. Nilianza kuuza kwa jina langu baada ya kuwa mjane. Nilinyamaza, nikalea, nikaweka nyumba ikasimama. Na wewe nyamaza, mwanangu. Ndivyo tulivyokaa wote."

Nukta alisikia hasira yake ikitikisika, si kwa kupungua, bali kwa kupata pa kwenda zaidi ya Gia.

"Pole, mama," alisema kwa upole wa kweli. "Ulikasirika?"

Mama Gia aliyatazama masinia yake.

"Mpaka leo," alisema.

Gia alikuwa ameegemea mlango wa friji. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa, kama mtu aliyeamshwa katika nyumba asiyoijua.

"Mama. Keki za shangazi zilikuwa zako?"

"Zote."

"Hata ya mahafali yangu? Nilisimama mbele ya watu nikamshukuru yeye. Nikamlisha kipande."

"Hata hiyo."

"Ulikuwa wapi?"

"Nimekwambia. Nyuma ya pazia." Kisha akaongeza, kwa sauti ambayo Nukta hakuwahi kuisikia kwake, "Ulisema maneno mazuri sana siku ile. Nilisikia yote."

Gia alifunika macho kwa mkono. Halafu, bila kumtazama yeyote kati yao, akatoa simu, akatafuta jina, akaiweka juu ya meza ya bati na spika wazi. Ilipokelewa na mwamuzi mkuu wa mashindano, mtu mwenye sauti ya puani.

"Bingwa! Unasemaje?"

"Mzee, nimesema uongo. Deki ile sikuijenga mimi. Imejengwa na mchumba wangu, yote, tangu kadi ya kwanza. Inaitwa Uzi. Naomba tuzo ya mjenzi wa deki bora iandikwe jina lake, na mtangaze."

Mwamuzi alishusha sauti. "Unajua unachosema? Ulisimama mbele ya waamuzi ukaipokea tuzo hiyo. Kanuni haina mjadala. Aliyedanganya juu ya ujenzi anapoteza nafasi ya fainali aliyoishindia."

"Najua."

"Inakwenda kwa mshindi wa pili. Si kwa mchumba wako."

Hapo Gia alisita. Alimwangalia Nukta, na katika macho yake mlikuwa na ombi ambalo hakulitamka. Nukta hakumsaidia hata kwa kope.

"Najua," Gia alisema tena. "Itangaze hivyo hivyo."

Alipokata simu, hakuna aliyempongeza.

"Sasa deki yangu haina fainali," Nukta alisema. "Umeiiba, kisha umeifukuzisha."

"Ungetaka nisiseme?"

"Ningetaka usingeiba! Na usidhani sioni. Umesema leo kwa kuwa nimekuleta hapa kwa usukani. Nisingekuja, ungesema lini?"

Gia alifikiri kwa uaminifu, maana uaminifu ulikuwa umemwingia siku hiyo kama homa.

"Sijui," alisema.

"Afadhali hilo. Nipe kadi zangu."

Alikwenda chumbani akakileta kisanduku, akampa kwa mikono miwili. Vidole vyao viligusana juu ya kifuniko, na wote wawili wakavitazama, na hakuna aliyekuwa wa kwanza kuviondoa, mpaka Nukta alipovuta.

"Unakwenda wapi nazo?" Mama Gia aliuliza.

"Kuna mchujo wa mwisho Jumamosi hii, mama, mji wa pili. Imebaki nafasi moja ya fainali. Nitaomba ruhusa kazini, na nisipopewa nitakwenda."

"Nitakupeleka," Gia alisema.

"Nitapanda basi."

"Na pete, Nukta?"

Nukta aliutazama mkono wake.

"Pete iko mahali pake. Leo usiniulize zaidi ya hapo." Akamwinamia Mama Gia. "Kwaheri, mama. Ua lako la chini limelala upande, lakini keki ni nzuri sana."

Mama Gia akaligeukia ua lile, akalitazama, akaguna. "Kweli limelala," alisema, na akainua mfuko wa krimu.

* * *

Ukumbi wa mchujo ulikuwa wa shule ya msingi, viti vifupi, meza zimechorwa majina ya watoto. Nukta alipangiwa kijana wa chuo mwenye miwani iliyolegea puani, kosa la fundi mvivu, na alijizuia kwa shida asiikaze.

Kijana aliona kadi za kwanza za Nukta, akaruka kitini. "Hii si Gia ya Tano?"

"Inaitwa Uzi."

"Lakini ni ile ya yule jamaa aliye..."

"Ni yangu. Cheza."

Zamu ya tatu mnyororo wote ulikuwa mkononi mwake. Mfumaji, Mwangwi, Cheche. Angeweza kuumwaga mezani, na huko nyuma kila mtu aliyekwisha kuiona video alisogea akingoja auangushe. Lakini kijana alikuwa amebakiza nguvu zake za kuchezea kadi bila kuzitumia, na amekaa wima mno kwa mtu asiye na kitu. Ana mkasi mkononi, kadi ya kuukata mnyororo, Nukta aliwaza, anangoja nitoe kichwa. Akatoa Pazia tu, akapitisha zamu.

Minong'ono ikapita. "Kaogopa," alisema mmoja.

"Hajaogopa," ilijibu sauti aliyoijua. "Anamvuta."

Hakugeuka. Zamu iliyofuata kijana alichoka kungoja, akakitupa kile kikadi cha kukata kwenye Pazia, bure. Ndipo Nukta akauweka Uzi mezani, akaanza kufuma. Cheche ikatoka ikarudi, ikatoka ikarudi, bila haraka, huku kijana akihesabu roho zake kwa midomo mpaka zikaisha.

"Si deki yako hii, wewe?" mtu alimuuliza Gia kwa nyuma.

"Ya kwake," Gia alisema, na hakuisema chini chini. "Mimi nilijifanya. Aliyeijenga ni yeye."

Watu wachache walicheka, si kicheko kizuri, na Gia akakiacha kimpitie bila kujitetea.

Walipopewa mapumziko, Nukta alikaa peke yake ukutani na chupa yake ya maji. Gia alikuwa amesimama upande wa pili wa ukumbi, shati limekunjamana kwa safari, vumbi la basi kwenye viatu. Alikuwa hana gari, hana kikombe, hana tabasamu la upande mmoja. Hakupunga mkono. Hakusogea. Alimtazama tu, kama mtu anayengoja matokeo ya hospitali, na Nukta alijua kwamba angesimama pale mpaka ukumbi ufungwe.

Alimwacha asimame. Alikunywa maji yake yote, taratibu. Alipanga kadi zake, akazirudisha kisandukuni, akakifunga.

Kisha akautoa mkoba wake kwenye kiti kilichokuwa kando yake, akauweka sakafuni.

Gia alivuka ukumbi ule kama mtu anayevuka barabara yenye magari. Alipofika alifungua mdomo, lakini Nukta aliinua kidole.

"Kaa," alisema. "Bado sijamaliza kukugombeza."